Injini Niliiua Mwenyewe

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema kwamba injini ya Subaru yangu ilikufa kwa sababu gari liliingia nchini likiwa limechoka. Niliwaambia hivyo wenzangu kazini. Nilimwambia shemeji aliyenikopesha sehemu ya pesa za ukarabati. Nilimwambia mke wangu, naye akaniangalia tu asiulize swali la pili. Hata mtu aliyeniuzia gari nilimpigia simu nikamwambia, kwa sauti ambayo sasa naionea haya. Haikuwa kweli. Injini ile ilikuja nzima. Niliiua mimi, kwa mshahara wangu, spea moja baada ya nyingine, huku nikijipongeza.

Gari lenyewe ni Impreza S-GT, ile ya milango mitano iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2007: injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu za farasi 250, gia za mkono. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo ulifika wakati magari haya yakawa yanateremshwa Mombasa kwa bei ambayo mtu wa mshahara, akijibana, aliweza kuifikia. Nilijibana. Likawa gari la kila kitu. Asubuhi lilipeleka watoto shule, kisha likaniweka kwenye foleni ya Thika Road. Jumamosi lilibeba viazi na vitunguu. Krismasi lilitupeleka kwa wazazi, mbele ya Nakuru. Kazi hizi nilizisahau zote siku nilipoanza kununua vitu.

Ugonjwa wangu una historia. Nilikulia enzi ambazo Impreza za buluu zilipita zikiacha vumbi na sisi watoto tukipiga mayowe kando ya barabara, na mwaka 1997 Colin McRae akaipatia Subaru ushindi wa Safari Rally. Kilichonibaki kichwani ni ule mlio. Sikuwahi kujiuliza lolote kuhusu magari yale, wala sikujua kwamba kanuni ziliyalazimisha kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34 tu ili nguvu zisipande sana kupita farasi 300, na kwamba nyuma ya kila dereva kulikuwa na mafundi wengi waliokuwa tayari kuifungua injini kila mashindano yakiisha. Mimi nyuma yangu kulikuwa na foleni.

Nilianzia Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Nikanunua kichujio cha hewa cha koni, kikubwa, chekundu, pamoja na bomba lake pana linalong'aa. Nikatupa kando boksi la plastiki la kiwandani lenye kichujio cha karatasi. Gari likaanza kuvuma, na mimi nikaamini kwamba kuvuma ni kuongezeka kwa nguvu.

Sasa naeleza nilichofanya hasa, maana wakati ule hakuna aliyenieleza, na kusema kweli sikuuliza. Ndani ya bomba la hewa la Subaru hii kuna kihisi kinachopima hewa inayoingia. Kompyuta ya injini haioni hewa. Inaona ishara ya umeme kutoka kwenye kihisi, na hesabu zake zote zimeandikwa kwa bomba la upana ule wa kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa ileile inapita mbele ya kihisi polepole zaidi, kwa hiyo kompyuta inadhani imeingia kidogo na inatoa petroli kidogo. Kwenye mwendo wa kawaida inaweza kujirekebisha kwa kusoma moshi wa ekzosi. Turbo ikishasukuma kwa nguvu, mambo ni mengine. Hapo injini inahitaji takriban sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli, ilhali ili petroli iungue yote barabara zinahitajika sehemu 14.7. Ile petroli ya ziada ina kazi moja kubwa, kupoza chumba cha mwako. Mimi niliinyima injini petroli hiyo saa ileile ilipoihitaji. Juu ya hayo, koni ilikuwa wazi ndani ya boneti, ikivuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe, na tukienda kwa wazazi ilimeza vumbi la murramu ambalo boksi la zamani lilikuwa likilizuia.

Kisha nikaweka valvu ya kutoa hewa ya turbo nje. Hii ndiyo inayopiga ule mluzi mtu anapobadilisha gia, ambao vijana huusikia wakageuka. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa ile ndani ya bomba, kwa sababu kihisi kilikwisha kuihesabu na petroli yake imeshapangwa. Yangu iliimwaga barabarani. Kila nilipoachia mafuta, injini ilipata petroli ya hewa ambayo haipo, ekzosi ikatoa moshi mweusi na vishindo. Nikavipenda vishindo pia. Wiki hiyohiyo nikaondoa salensa.

Kilichomaliza kazi ni programu ya kompyuta. Kijana mmoja alikuja na laptopu, akachomeka waya chini ya usukani, na kabla chai haijapoa akaniambia gari lina farasi 300. Hakupima chochote. Faili aliyoiweka aliitoa kwa mtu wa Uingereza mwenye gari kama langu, na nilipoambiwa hivyo nilifurahi, nikidhani Uingereza ni sifa.

Uingereza ni pwani, kwa hesabu za injini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 82, si 100. Faili ile iliitaka turbo ifikishe shinikizo lilelile ndani ya injini, kana kwamba tuko Mombasa. Kuitoa hewa kilopaskali 100 hadi 190 ni kuiminya mara 1.9. Kuitoa 82 hadi hapohapo ni mara 2.3. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayoitema, kwa hesabu za kawaida za kuminya hewa, inazidi joto kwa takriban nyuzi 30 kabla haijaifikia intakula, kipoza hewa chake. Na intakula ya Subaru imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari lisipokwenda haipati upepo, inaokwa tu na joto la chini yake. Kwenye foleni ya saa moja asubuhi, yangu ilikuwa jiko.

Petroli nayo. Gari hili lilitengenezwa Japani kwa ajili ya petroli wanayoiita hai-oku, ambayo viwango vyao vinataka isipungue oktani 96, na vituo vingi huuza iliyo juu ya hapo. Oktani ndiyo inayoizuia petroli isilipuke yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mimi nilikuwa nikijaza petroli ya kawaida, popote foleni ilipokuwa fupi. Nilitumia pesa za karo ya muhula kwa vyuma, kisha nikabana shilingi chache za kila lita.

Mlipuko ule wa kabla ya wakati, ambao mafundi wanauita noki, hausikiki kila mara. Kwa salensa iliyotolewa, nisingeusikia hata ungepiga ngoma. Kompyuta iliusikia, maana ina kihisi chake, ikawa inarudisha nyuma muda wa cheche kujaribu kuokoa kilichobaki. Mimi nililihisi gari likizubaa kidogo mchana wa jua. Dawa niliyoifikiria ni kuongeza shinikizo la turbo.

Tulikuwa tunarudi mjini baada ya sikukuu. Gari lilikuwa limejaa watu, gunia la mahindi nyuma, kuku wawili. Kutoka Mai Mahiu barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi huko Limuru, zaidi ya mita 2,000. Unapanda nyuma ya malori, kisha unapata nafasi fupi ya kuyapita, unakanyaga hadi chini. Nilikanyaga. Injini ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikabaki inatembea kwa silinda tatu, na nyuma yetu ukatanda moshi wa buluu. Mke wangu akasema, "Simamisha." Nikasema ni plagi tu. Niliendesha hadi nyumbani hivyohivyo, na hili ni kosa juu ya kosa, kwa sababu kipande cha pistoni kilichokatika kilikuwa kinakwangua ukuta wa silinda safari nzima.

Mzee aliyeifungua ni fundi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Alipima mgandamizo: silinda ya nne haikuwa na kitu. Kwenye pistoni, ule ukingo mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umekatika. Pistoni hizi ni za kusubu. Zinavumilia joto vizuri, lakini hazivumilii kugongwa. Kisha akachukua plagi, akazisogeza kwenye mwanga, akanipa kioo cha kukuzia. Kwenye kaure nyeupe kulikuwa na vitone vidogo vinavyometa. "Hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako, kijana," akasema. "Plagi zimekuwa zikikuambia. Ulizitoa lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia, "Juzijuzi, Mzee." Sikuwahi kuzitoa.

Nilipotoka hapo ndipo nilipompigia simu aliyeniuzia gari.

Ukarabati sitausimulia, uliumiza mfuko na haukuwa na la kushangaza. Nitasema tu alivyonilazimisha Mzee kuanza upya, na mpangilio aliouweka, ambao ulikuwa wangu uliopinduliwa. Boksi la plastiki la hewa lilirudi, na kichujio cha karatasi. Valvu ya kiwandani ikarudi. Kwenye bomba linalopeleka oili kwenye turbo kuna bolti yenye kichujio kidogo cha wavu. Huziba oili ikichelewa kubadilishwa, na turbo hufa kwa kiu. Akaitoa, akanionyesha uchafu wake, kisha akaniapisha kubadilisha oili kila kilomita 5,000 na kuangalia kijiti kila ninapojaza petroli, kwa sababu injini hizi hunywa oili kimyakimya. Rejeta mpya. Mipira mipya.

Halafu breki. Nilibisha hapa, nilikuwa nimekuja kwa ajili ya nguvu. Akaniuliza nilipokuwa nikishuka kwenda Mai Mahiu nilisikia harufu gani. Nilikuwa nikiisikia kila Krismasi, nikidhani ni ya malori. Tukaweka pedi nzuri na mafuta mapya ya breki ya DOT 4, na matairi ya aina moja yote manne, jambo ambalo kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote si la urembo.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote hakiongezi hata nusu ya farasi. Ni waya mdogo unaochomekwa kwenye tundu la uchunguzi na kutuma takwimu kwenye simu. Kompyuta ya Subaru hutunza namba moja inayoonyesha inavyoiamini petroli uliyoijaza: ikiwa 1, mambo shwari, ikianza kushuka, imesikia noki na inajilinda. Namba hiyo ilikuwemo ndani ya gari langu muda wote. Ningeiangalia mara moja tu kabla ya Mai Mahiu, ningepanda ule mlima nyuma ya lori kwa utulivu. Sasa naiangalia kupita kiasi, mke wangu anasema naitazama kuliko barabara, na hapo ana haki.

Intakula kubwa zaidi ilikuja mwisho, na bomba la chini la ekzosi, na programu mpya iliyoandikwa gari likiwa juu ya mashine ya kupimia, hapahapa Nairobi, kwa petroli ya oktani ya juu ya vituo vyetu. Aliyeiandika alikataa kuongeza shinikizo nililotaka. Alirudisha cheche nyuma kidogo, akaongeza petroli, akanipa nguvu chache kuliko nilizojisifia zamani, na gari sasa linapita lori kwa haraka kuliko lilivyowahi.

Yule aliyeniuzia gari nilimtafuta, nikaenda hadi yadini kwake. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema wateja wengi humpigia simu ya aina ile, ila mimi ni wa kwanza kurudi, na akaniuliza kama shemeji naye nimeshamwambia. Nilikuwa bado. Nimemwambia tangu hapo, deni halikupungua.

Limebaki moja. Ile valvu ya mluzi nilikuwa nimeiweka stoo, na pesa zilipokaza nikaitangaza kuiuza. Akaja kijana na Forester ya turbo, gari safi, halijaguswa. Nikamweleza kihisi, hewa iliyohesabiwa, moshi mweusi, silinda ya nne, nikampa hata kioo aone zile plagi. Alisikiliza kwa heshima, akaitikia, "Ndiyo, uncle," kila nilipotua. Nilipomaliza akauliza, "Lakini inalia vizuri?"

Nikamwambia inalia vizuri sana. Akalipa kwa simu palepale, mimi nikapokea, na jioni hiyo nikazitumia pesa hizo kununua plagi.