Mpangaji Asiye na Mkataba

Mwaka 1973, jijini Milan, mchoraji wa Austria Friedensreich Hundertwasser alipanda miti ndani ya vyumba vya ghorofa, matawi yakatokeza madirishani juu ya barabara. Aliiita wapangaji. Kodi yao, alieleza, ni hewa safi, kivuli, na vumbi na kelele wanazozimeza kabla hazijatufikia.

Hoja hiyo imenikaa moyoni kwa sababu maisha yangu yote Dar es Salaam nimeishi nyumba za kupanga. Kwenye ua wetu palikuwa na mwembe. Ulikatwa ili magari yapate pa kuegeshwa, ua mzima ukafunikwa vitofali vya saruji. Tangu hapo, saa nne asubuhi baraza halikaliki. Akina mama waliokuwa wakichambua mchele chini ya mwembe wamehamia koridoni. Feni zinazunguka mchana kutwa, umeme wa luku unakwisha upesi, na mvua ikinyesha maji yanatiririka hadi mlangoni kwa jirani. Kodi aliyokuwa akiilipa mwembe sasa tunailipa sisi, tena kwa fedha taslimu.

Hundertwasser hakusomea usanifu wa majengo. Nyumba yake mashuhuri ya Vienna, iliyojengwa kati ya 1983 na 1985, ilihitaji wasanifu wenye taaluma, Joseph Krawina na baadaye Peter Pelikan. Ina fleti 52, sakafu zenye mawimbi, na miti na vichaka zaidi ya 200 kwenye mapaa na vibaraza. Ninachokipenda zaidi ni kwamba zile ni nyumba za halmashauri ya jiji, za wapangaji wa kawaida. Naye hakudai malipo kwa kazi yake. Alishikilia pia kwamba mpangaji ana haki ya kuchungulia dirishani na kuupaka ukuta wa nje rangi aitakayo, hadi mkono wake unapofika. Kwa mtu aliyezoea kuomba ruhusa hata ya kupigilia msumari, hilo si jambo dogo.

Lakini kazi yake inayonigusa kuliko zote ni choo cha umma, katika mji mdogo wa Kawakawa, New Zealand, kilichokamilika mwaka 1999. Mti uliokuwapo kiwanjani uliachwa, jengo likaupisha. Chupa tupu zimepangwa ukutani ziingize mwanga wa rangi, vigae vilifinyangwa na wanafunzi, na matofali yalitoka kwenye benki iliyobomolewa. Mahali ambapo watu hupita wakiziba pua, yeye alipapa heshima ileile aliyowapa wapangaji wa Vienna. Tunapoahirisha uzuri na kivuli mpaka siku tutakapotajirika, tunajinyima vitu ambavyo chupa tupu na mti uliokwishaota vinaweza kutupa leo.

Ndugu yangu amenunua kiwanja Kigamboni. Kina mkorosho mmoja mpana, na fundi ameshasema unamharibia kona ya jiko. Nimemwomba ndugu yangu tukae na mchora ramani kabla kamba za msingi hazijavutwa, tuone jiko linaweza kusogea kiasi gani.