Boma Linapochagua Mtoto

Kisumu

Mpwa wangu Okoth,

Habari ya binti wenu wa tatu imenifikia pamoja na maneno ya wazee: wapo wanaokuhimiza utafute wa kiume, na wapo wanaotaja mke wa pili. Usiwajibu kwa hasira, wala usiwatii. Kwanza elewa wanachokiogopa, maana hofu yao haikutokana na kuwachukia wasichana. Sisi Wajaluo huwapa mabinti majina ya bibi zetu, na binti aliyeolewa bado husikilizwa kwao. Hofu hiyo inatoka katika mpangilio wa boma, na mpangilio huo uliwekwa na watu.

Litazame boma lenyewe. Kijana akikua hujenga simba, yaani nyumba yake ya ujana, karibu na lango, na hapo ndipo anapoanza kuwa na mahali pake. Dada yake hajengewi kitu, kwa kuwa anatarajiwa kuondoka. Baadaye kijana atalima shamba la babake, ataleta mke wa kuwasaidia wazee, na mwishowe atasimamia mazishi yao. Binti akiolewa, kazi yake, watoto wake na hata kaburi lake huhamia ukoo mwingine. Akifa kabla ya kuolewa, mila humzika nje ya ua. Basi ardhi, msaada wa uzeeni, jina na mazishi vyote vimewekwa mikononi mwa mtoto wa kiume. Mzazi anayemtamani katika hali hiyo anapiga hesabu ya usalama wake.

Ukiona nakisia, tazama kwingine. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hupitia kwa wanawake. Kule nyumba inayohofia kukatika ni ile isiyo na binti. Sisemi wanawake ndio watawala huko, kwani wajomba wana sauti kubwa. Nasema tamaa ya mzazi huifuata njia ya urithi. Korea Kusini nayo ilikuwa na ukoo wa baba uliokazwa kwa sheria. Mwaka 1990 walizaliwa huko wavulana kama 116 kwa kila wasichana 100, ilhali kawaida ya maumbile ni kama 105, kwa sababu mimba za kike zilikuwa zikitolewa. Watu wakahamia mijini, wazee wakapata njia nyingine za kujikimu, wanawake wakaingia kazini, na kufikia mwaka 2007 hivi uwiano ulikuwa umerudi kwenye kawaida. Sheria iliyomfanya mwanamume kuwa kichwa cha familia ilifutwa mwaka 2008. Kizazi kimoja kilitosha.

Watakuambia mahari inatosha kuonyesha kwamba binti ana thamani kwetu. Hoja hiyo ina ukweli. Utafiti kuhusu Indonesia na Zambia, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba shule zilipojengwa kwa wingi, wasichana waliongezeka madarasani katika makabila yanayolipa mahari, si katika yale yasiyolipa. Lakini ng'ombe wa mahari huja kwa sababu binti anaondoka. Mahari inaweza kumpeleka shule; haimpi mahali pa kurudi ndoa ikivunjika.

Wengine watasema ukimpa binti shamba, umempa mkwe, na kesho litauzwa kwa wageni. Waulize ni nani aliyeuza vipande vya ardhi vinavyojengwa leo pembeni mwa mji huu. Wengi wao ni wana wa kiume, na hakuna aliyewanyima urithi kwa kuhofia hilo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliijibu hoja hiyo mwaka 2005 katika kesi ya Rono, ilipokataa kumpunguzia binti fungu kwa sababu eti huenda ataolewa. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu mwaka 1981, inasema watoto bila kutenga wa kike, na Katiba ya 2010 inabatilisha mila inayopingana nayo.

Mzee mmoja hatakosa kukutajia S. M. Otieno, wakili ambaye mwaka 1987 mahakama iliupa ukoo wa Umira Kager idhini ya kumzika Nyalgunga, ingawa mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Ngong. Mwambie kwa adabu kwamba kesi ile ilihusu maiti, haikugawa mali. Ukoo unaweza kukuzika kwa mila zote na shamba likabaki kwa mabinti zako.

Na hesabu ya uzeeni imekwisha kubadilika hapa ziwani, ila hatujakubali kuikiri. Ufuoni wanaume ndio wenye mitumbwi mingi, lakini omena, yaani dagaa, inayoanikwa juani hununuliwa, hukaushwa na kupelekwa sokoni na wanawake, na fedha hiyo hulipa karo na dawa za wazee. Mji huu ulipata meya mwanamke, Grace Onyango, mwaka 1965, naye akachaguliwa mbunge mwaka 1969. Kinachobaki nyuma ni hati ya shamba.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Usizae mtoto wa nne ili kuwaridhisha wazee. Mkizaa, iwe kwa kumtaka mtoto. Andika wosia sasa, ukiwa mzima. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Usitegemee tamko la mdomo, kwa kuwa kisheria halina nguvu ukiishi zaidi ya miezi 3 baada ya kulitoa. Taja kila binti kwa jina na fungu lake, na uache kiwanja ambapo yeyote kati yao anaweza kujenga na kuzikwa, ameolewa au hajaolewa. Kisha waite wazee uwasomee, mama watoto akiwa ameketi pamoja nawe. Watanung'unika. Lakini wakijua shamba lina wenyewe na wewe una wa kukutunza, swali la mtoto wa kiume litakuwa limepoteza sababu zake kubwa, na hawa watatu hawatakua wakijiona kama waliozaliwa mahali pa mtu mwingine.



Ni mimi shangazi yako.