Kabla Wabadilishe Jina la Mtaa Wako

Wasee wa Eastlands, tuambiane ukweli. Kila siku konda anapiga kelele "Mbotela! Ofafa! Burma! Kariokor!" na sisi tunaingia mathree bila kujiuliza majina haya yalitoka wapi. Halafu mtu wa nje akisema mtaani kwetu hakuna cha kuona, tunanyamaza. Mimi sinyamazi.

Nianzie mbali kidogo. Karibu kila kijiji Ufaransa, hata kile cha kanisa moja na duka moja la mkate, kina mnara umechongwa majina ya vijana wa hapo waliokufa kwenye vita vya 1914 hadi 1918. Mtoto akienda shule anasoma jina la ukoo wake kwenye jiwe.

Vita hivyo hivyo vilifika huku. Waingereza walikusanya wanaume, wengi kwa nguvu, wawabebee risasi na chakula wakipigana na Wajerumani. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa magonjwa na njaa, si risasi. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za 1928, na mbeba mizigo ni mmoja wao, lakini huoni jina la mtu hata mmoja. Walichobaki nacho ni Kariokor: Carrier Corps ikitamkwa na midomo yetu. Dar wakasema Kariakoo. Ni neno lile lile.

Burma nayo ni ya vita vya pili. Askari wetu wa KAR walipelekwa hadi Asia kupigana na Wajapani. Jina likarudi nao.

Sasa Mbotela na Ofafa, hapo story ni nzito. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa KAU. Aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, naye aliuawa kipindi hicho cha hatari. Wakoloni wakaipa mitaa majina yao, juu hawakuwa upande wa Mau Mau. Kumbe jina la steji linaweza kuwa siasa: serikali ilichagua nani akumbukwe na nani asahaulike. Unaweza kukubali, unaweza kubisha. Lakini utabishaje kitu hukijui?

Haraka inatoka wapi? Pangani ya zamani ilishabomolewa, maghorofa yakapanda, na mitaa mingine mikongwe iko kwenye foleni. Sipingi nyumba mpya. Mtu anayepanga laini ya choo asubuhi na majirani kumi huwezi kumwambia avumilie kwa sababu ya historia. Ila tunajua hizi kampuni za kujenga zinapenda majina ya Kizungu, Heights hapa, Gardens pale. Ufaransa jina la mtaa likibadilika, jiwe bado lipo. Kwetu jina ndilo jiwe. Likienda, hakuna kingine kilichobaki.

Kwa hivyo jengeni, lakini jina libaki, na pale steji muweke kibao: huyu alikuwa nani, alikufa lini, nani aliamua mtaa uitwe hivi.

Na wewe, mtaa wako uliitwa hivyo kwa nini? Kabla ujibu na Google, muulize shosho au guka. Yeye alikuwepo.