Kijiji Baina ya Jabali na Mto

Upande wa kusini-magharibi ya Ufaransa, si mbali na mji wa Sarlat, kiko kijiji kiitwacho La Roque-Gageac. Wakaazi wake hawatimii 500. Mbele yake wapita mto Dordogne, na nyuma yake limesimama jabali kubwa la mawe ya chokaa, rangi yake ya manjano kama asali. Baina ya hayo mawili ardhi ni nyembamba mno: ipo barabara moja ukingoni mwa mto, kisha nyumba zimepandana, moja juu ya mwenziwe, mpaka chini ya mwamba wenyewe.

Nilipokitembelea, kitu kilichonishangaza ni migomba. Mimi niliyelelewa pwani sikutaraji kuiona katika nchi ambayo wakati wa baridi sakitu hufunika mashamba. Sababu yake ni lile jabali. Limeelekea kusini, basi huota jua mchana kutwa. Huzuia upepo wa baridi utokao kaskazini. Na joto lililoingia mchana hulitoa polepole usiku. Kwa hiyo migomba, mitende na mianzi, iliyopandwa kwa pambo, hustawi vichochoroni mwake.

Lakini jabali hilo hilo lenye neema, mwezi wa Januari 1957, lilimeguka. Kipande kikubwa kikaporomoka juu ya kijiji, nyumba kadhaa zikavunjika na watu watatu wakafa. Mto nao, mvua zikizidi, hupanda ukaifunika barabara na kubisha milangoni mwa watu.

Yamkini utauliza: Mbona hawakuhama? Jawabu lataka mtu autazame mto kwa macho ya wazee wao. Kabla ya reli, Dordogne ndiyo iliyokuwa njia kuu ya biashara. Mashua pana zisizo na mkuku ziliteremka na mbao za mialoni za kutengenezea mapipa, zikielekea upande wa Bordeaux. Na chumvi ilipandishwa kutoka pwani. Mashua zilizotoka nchi za juu zilipofika mwisho wa safari zilivunjwa, mbao zake zikauzwa, na mabaharia wakarejea kwao kwa miguu. Riziki ilipita mlangoni, nani angeihama? Reli ilipoenea katika karne ya 19 kazi hiyo ikafa, na leo mashua za mfano huo zachukua watalii tu.

Basi watu wa 1957 walizika wafu wao, wakajenga tena. Siku hizi lipo jambo jingine linaloukalia moyo wangu kila nikikikumbuka kijiji kile. Majira ya joto barabara hujaa wageni hata pa kupita hapana. Majira ya baridi madirisha mengi hufungwa, na moshi watoka katika nyumba chache. Nyumba iliyoangukiwa na jiwe, mwenyewe akiwapo, hujengwa. Nyumba iliyofungwa, mwenyewe yuko mbali, nani ataijenga?

Sisemi kwamba kijana asisafiri. Jean Tarde, padri aliyezaliwa katika kijiji hicho hicho karne ya 16, alifunga safari mpaka Italia, na mwaka 1614 akaonana na Galileo mjini Florence, wakazungumza habari za darubini na nyota. Kisha alirudi kwao, akayachunguza madoa ya jua, na mwaka 1620 akatoa kitabu akisema kuwa hayo ni sayari. Rai yake haikuwa sahihi; lakini alitoka kutafuta elimu, na elimu aliyoipata aliirudisha nyumbani.

Enyi vijana, safari ni njema, na mji una riziki yake. Ila kila aondokaye na ajiulize ni nani aliyemwachia ufunguo, na lini atarudi kufungua dirisha.