Shoka na Kiwavi

Asafiriye kwa njia kuu kutoka Kilifi kwenda Malindi huona upande wa kushoto msitu mrefu usiokatika. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, uliohifadhiwa na Serikali tangu zamani za ukoloni. Katika mchanga wake mweupe huota mirihi. Kwingine huota mbambakofi, upendwao na mafundi wa milango, na muhugu, ambao wachongaji wa vinyago waliukata sana. Humo huishi pia sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu.

Lakini mkulima mmoja wa kando ya msitu huo hakuona jambo la kuusifu. Tembo walikula mahindi yake, nyani wakang'oa mihogo, naye alikatazwa kukata hata mti mmoja. Majirani wengi waliposema ya kuwa yafaa msitu ugawanywe uwe mashamba, yeye alisema kwa sauti kuu kuliko wote.

Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo. Mkewe alikuwa miongoni mwa waliojiunga nao. Vipepeo majike hunaswa msituni na kutiwa katika kizimba cha wavu, wakataga mayai. Viwavi watokao hulishwa majani mpaka kila mmoja ajifunge katika ganda lake. Maganda hayo, yenye mdudu hai ndani, hununuliwa Gede na kupelekwa kwa ndege nchi za ng'ambo, ambako watu hulipa ili kuwatazama vipepeo wakiruka.

"Mama watoto," mume akacheka, "utawalisha wadudu, na watoto wale nini?"

"Tungoje tuone, baba," akajibu.

Siku moja mtoto wao mkubwa alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Jioni ile akaja mnunuzi wa magogo, akaahidi fedha taslimu kwa muhugu mmoja tu. Mkulima akanoa shoka.

Kabla hajatoka, mkewe akafungua pindo la leso, akaweka mezani fedha za maganda. Zilikuwa nusu ya karo, wala hazikuzidi.

"Hazitoshi," mume akasema.

"Hazitoshi, ni kweli. Lakini viwavi wengine wamo kizimbani, na nusu nyingine itakuja. Huo muhugu ukianguka leo, utarudi lini?"

Mkulima hakuwa na jibu. Akaliweka shoka nyuma ya mlango, na asubuhi akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba muda. Mtoto akapokelewa.

Haifai kudhani ya kuwa tangu siku ile taabu zake zilikwisha. Tembo hawakuacha kupenda mahindi, wala maganda hayakumtajirisha. Lakini alijifunza kwa mkewe jambo moja alilokuwa halijui: kila namna ya kiwavi ina majani yake, na mti wake ukitoweka, hufa njaa katikati ya majani mengine tele. Basi mtu aliyetaka msitu wote uwe shamba alionekana akipanda miche ya mwituni kando ya mihogo yake, akiinyweshea maji kwa mkono wake mwenyewe.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Msitu nao ni akiba, ila kwa yule tu achumaye majani na kuuacha mti umesimama.