Nyumba ya Kudumu

Ndugu walimu wenzangu, sisi tufundishao lugha huona fahari kuwafafanulia wanafunzi maana za maneno. Hata hivyo, neno "kudumu" nililitumia miaka mingi pasipo kulitafakari.

Mwaka 2009 nilijenga nyumba karibu na Masaka, nchini Uganda. Nyumba ya fito na udongo tuliiita ya muda; ya matofali ya kuchoma ndiyo ya kudumu. Basi nikafyatua matofali, nikapanga tanuri, na kuni zilipopungua nikaukata mfenesi alioupanda marehemu baba. Tanuri liliwaka siku tatu, usiku na mchana. Mama alikuja, akautazama moshi, akauliza: "Mwanangu, wajukuu wangu watakula mafenesi ya nani?" Sikuwa na jibu.

Saruji nayo ina moshi wake, ila huwaka mbali na macho yetu. Mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na hewa ya ukaa hutoka katika moto na katika jiwe lenyewe. Yakadiriwa kwamba saruji husababisha takriban asilimia 8 ya hewa hiyo itokanayo na shughuli za binadamu.

Mwaka 2021 nilitaka kumjengea mama chumba. Fundi mmoja akanionyesha mashine ya mkono ya kushindilia matofali ya udongo, ya namna iliyobuniwa Kolombia katika miaka ya 1950. Tulichimba udongo mwekundu, tukauchekecha, tukauchanganya na saruji kidogo: kipimo kimoja kwa vipimo kumi na vinne vya udongo. Matofali hayakuonja moto. Tuliyafunika kivulini, tukayanyunyizia maji kwa majuma kadhaa. Nayo hushikana kwa meno yake, hata saruji ya kuungia ikatutosha kidogo. Sharti lake ni msingi wa mawe na upenu mpana, kwani mvua ipigayo ukuta kila siku huula.

Majirani walicheka kwamba mwalimu amerudi kwenye nyumba ya udongo. Chumba kingali kimesimama, na mama angali analala humo. Mbele ya mlango tulipanda mfenesi, ambao haujazaa bado.

Siku hizi nifundishapo neno "kudumu", huwauliza wanafunzi kwanza: kudumu kwa nini, na kwa faida ya nani? Nawaombeni nanyi mwaulize wenu.