Nyeupe juu ya nyeupe: namna ya kuuona mkono wa pili



Tangu tuanze kupiga rangi vyumba vya maharusi, swali tunaloulizwa zaidi si la bei. Ni hili: "Ukuta mweupe, rangi nyeupe, mnajuaje mmeshapita wapi?" Wengine huuliza kwa kucheka. Wengine huuliza kwa wasiwasi wa mtu aliyewahi kulipia kazi ambayo haikufanywa. Leo tunakujibuni kwa kirefu, maana jibu lake linamfaa anayejenga, anayeolewa na aliyekwisha olewa.

Kwa msiotujua, sisi ni wanawake watatu hapa Chake Chake. Tulimaliza skuli ya sekondari, tukasoma kozi ya ushoni, tukaanza na magauni ya harusi na mashela, kisha mapazia na mashuka, mwisho tukawa tunapamba chumba chote. Rangi iliingia kwa haja ya wateja wenyewe. Mwanamke aliyeko eda, au mke ambaye mumewe yuko safarini, hapendi mafundi wanaume waingie mpaka chumba cha kulala. Basi tukachangishana, tukanunua mashine ya kupulizia rangi iliyokwisha tumika, ikaja kwa boti kutoka Unguja na kushuka Mkoani.

Mkono wa kwanza wa rangi hauna taabu. Plasta ni ya kijivu, rangi ni nyeupe, kila unapopita panaonekana. Kazi iko mkono wa pili, pale unapopuliza nyeupe juu ya nyeupe. Brashi inaacha mistari, rola inaacha vidoto, lakini mashine inatoa ukungu mwembamba unaotua bila kuacha alama. Ukisimama mbele ya ukuta na taa ya dari inawaka, unaona karatasi moja tupu. Washoni tunaijua shida hii: uzi mweupe juu ya satini nyeupe unachosha macho kuliko nguo yoyote ya rangi.

Sisi tunafanya hivi. Kwanza tunazima taa ya dari, kwa sababu inamwaga mwanga sawasawa ukutani, na mwanga ulio sawa hauoneshi kitu. Tunaweka taa moja chini, karibu na ukuta, iumulike kwa ubavu na sio usoni. Rangi ya maji ikiwa mbichi inang'aa kama ngozi iliyotoka kupakwa mafuta, na ikikauka inafifia. Kwa mwanga wa ubavuni mng'ao huo unaonekana wazi, na unapoishia ndipo rangi ilipoishia.

Pili, tunangoja mkono wa kwanza ukauke kwelikweli. Makopo mengi yameandikwa saa mbili mpaka nne, lakini masika hewa ya Pemba imejaa maji, kwa hiyo tunaulaza mpaka kesho yake. Ukuta ambao bado mbichi unang'aa wote, na unapong'aa wote huna tena alama ya kukuongoza.

Tatu ni utaratibu. Tunaanzia pembeni mwa mlango na kwenda upande mmoja tu, kama mtu anayepiga mshono wa cherehani bila kuruka. Ncha ya mashine iwe kiasi cha sentimita 30 kutoka ukutani, ielekee ukuta moja kwa moja, na mkono wote utembee, sio kiganja peke yake kipepee. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Hapo hata jicho likipotea, hesabu haipotei.

Nne, kwa mnaojenga sasa, mwambieni fundi mkono wa kwanza autie rangi kidogo, iwe kijivu chepesi au rangi ya maziwa, ili mweupe wa pili ujioneshe wenyewe. Uingereza zinauzwa rangi za dari ambazo hupakwa zikiwa waridi na kugeuka nyeupe zikikauka, kusudi mpakaji aone alipopita. Kwetu rangi kidogo ya kuchanganyia ndani ya ndoo inatosha.

Na tahadhari moja kubwa. Mashine hizi zinasukuma rangi kwa nguvu sana. Usiweke kidole mbele ya ncha yake hata kwa mzaha, kwani rangi inaweza kupenya ngozi na kuingia ndani. Likitokea hilo kimbilieni hospitali papo hapo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Vaeni barakoa, fungueni madirisha, na watoto watoke nje.

Sasa tukusimulieni kwa nini jambo hili tunalichukulia kwa uzito.

Mwaka jana, Jumatano moja, tuliitwa kwenye nyumba moja njia ya Wete, na nikaha ilikuwa Ijumaa. Bi harusi alitoa sehemu ya mahari yake kutia rangi chumba atakachoingia. Hakuna aliyemlazimisha, mahari ni haki yake mwenyewe, ila alitaka kuanza maisha ndani ya chumba kizuri. Fundi aliyetangulia alichukua pesa ya mikono miwili. Mchana chumba kilikuwa cheupe na kila aliyeingia alisema mashallah. Saa kumi na moja jioni jua lilipoingia dirishani kwa ubavu, viraka vya plasta vikaonekana chini ya rangi kama uso chini ya shela. Shangazi mtu aliegemea ukuta, buibui likatoka na unga mweupe mgongoni. Rangi ilizidishwa maji, na mkono wa pili haukupigwa.

Mama wa bi harusi akasema tunyamaze, harusi ipite, asitake maneno na watu. Bi harusi mwenyewe hakusema neno. Aliinuka, akaweka kiganja ukutani, akakitizama kilivyotoka cheupe.

Usiku ule tuliusugua ukuta kwa vitambaa vibichi mpaka unga ukaisha, ukakauka, tukapiga mkono wa kwanza. Alhamisi alasiri tukaanza wa pili. Tulikuwa tumekwisha kuta tatu, umeme ukakatika. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, nao ukituacha, mashine ya rangi ni chuma tu. Tukakaa chini tunahesabu saa.

Bibi yake bi harusi akaja na kandili. Hakuishika juu kama tulivyotarajia. Aliiweka sakafuni kando ya ukuta, akainama, akatembea taratibu akitizama kuta zile tatu moja baada ya moja. Kisha akasema, "Hizi mmezimaliza. Bado ule." Tulimuuliza amejifunza wapi. Akacheka, akasema yeye amepaka chokaa tangu hajavunja ungo.

Dada zetu, wengi wenu hamkuwahi kupaka chokaa. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuri kwa kuni nyingi, yakatiwa maji yakawa chokaa laini. Ukiipaka ni kama maji tu, ukuta unabaki na rangi yake, unaweza kudhani hukufanya kitu. Inapokauka ndipo inapokuwa nyeupe, na kadiri siku zinavyokwenda inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe kama lilivyokuwa. Kwa mawe na chokaa hizo zilijengwa kuta ambazo magofu yake bado yapo Ras Mkumbuu, baada ya karne nyingi. Bibi alituambia kabla ya Idi walikuwa wakipaka wasichokiona, wakifuata majimaji kwa mwanga wa kandili, wakalala, wakaamka nyumba nyeupe.

Umeme ulirudi baada ya isha. Tukapuliza ukuta wa nne, na kandili tukaiacha palepale chini.

Na pesa ya bi harusi? Jumamosi baada ya nikaha yeye mwenyewe alimpigia fundi yule, babake akiwa amekaa pembeni, akamwambia kwa adabu alichokiona na kwamba hajamsamehe mkono wa pili. Nusu ya pesa ilirudi. Jina la fundi hakulitangaza, wala sisi hatulitaji. Tulijifunza kwake kwamba sitara ni kumfichia mtu aibu yake, lakini haikulazimishi kumwachia haki yako. Maharusi, mahari yenu na vinavyonunuliwa kwayo ni mali yenu. Kuvidai kwa ulimi mzuri hakukupunguzieni heya.

Kila Ramadhani tunakumbuka aya ya 187 ya Suratul Baqara, ile inayotaja uzi mweupe na uzi mweusi katika kuweka mpaka wa kula daku. Swahaba Adiy bin Hatim (r.a.) alichukua nyuzi mbili kweli, akaziweka chini ya mto wake, akawa anazitizama usiku. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa kinachokusudiwa ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Kwetu sisi washoni kisa hiki kina utamu wake. Uzi mweupe unajulikana kwa sababu kuna mweusi ubavuni. Nyeupe ikiwa juu ya nyeupe mwenziwe, lazima mtu aitafute.

Ndiyo maana tunasema mkono wa pili ni amana. Mteja hawezi kuuhesabu. Ukiuacha, mchana ule hakuna atakayejua ila Mwenyezi Mungu, ambaye tumefundishwa kwamba ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuchinja. Vivyo hivyo bitana ya gauni, na mshono wa ndani unaopigwa mara mbili ili usifumuke bi harusi akikaa.

Nanyi mnaoingia kwenye ndoa, nyumba imejaa kazi za namna hii. Siku za fungate kila kitu ni mkono wa kwanza: pazia jipya, udi, chakula cha kwanza, vyote vinaonekana na kusifiwa. Baadaye unafagia nyumba ambayo jana ilikuwa safi. Unapika uliyoyapika wiki iliyopita. Unampokea mama mkwe kwa uso uleule. Ni nyeupe juu ya nyeupe, na hakuna anayeona mpaka siku unapougua. Tumewasikia wengi dukani kwetu wakilia kwa hilo wakati tunawapima nguo za Idi, na kilio chao ni cha haki.

Lakini yeye pia ana ukuta wake. Samaki anayeletwa kila jioni, ada ya skuli inayolipwa kila muhula, mama yako anayejuliwa hali bila kukumbushwa: siku ya mwanzo ulifurahi, siku ya mia umezoea. Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Shukrani ndiyo ile taa ya chini. Haiongezi rangi ukutani, inamuonesha mtu rangi iliyokwisha pakwa.

Tunashauri jambo dogo. Kabla ya kulala, kila mmoja ataje kitu kimoja alichokiona mwenzake amekifanya leo, tena kiwe kile cha kila siku. Akiwa hajazoea, anza wewe. Na akiwa haoni kabisa, mwambie kwa upole ungali na nguvu ya kusema kwa upole, usingoje mpaka uache kazi ili pengo liseme badala yako.

Wanaojiandaa kwa harusi baada ya Idi, mkikabidhiwa chumba chenu msikipokee mchana. Ngojeni alasiri iishe, zimeni taa, simameni pembeni mwa ukuta na tochi ya simu iwe chini, kisha pitisheni kiganja. Kikitoka kikavu na safi, mlipeni fundi ujira wake siku ileile na mumuombee dua, maana naye amefanya kazi ambayo wengi hawataiona.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu, azipokee kazi zenu zinazoonekana na zisizoonekana. Amin.